Mia Nne Huku, Mia Nne Kule

Kwa miaka kumi na minne Machuki alivuta mnyororo. Ulikuwa ule wa chuma wanaotumia wapima ardhi, wenye pingili ndefu, unaolia kwenye mawe ukiburutwa. Wapimaji wa serikali walipopita vijijini kugawa mashamba na kuweka mipaka, Machuki alikuwa mmoja wa vibarua wao. Savea, yaani mpimaji mwenyewe, alisimama nyuma ya chombo chake chenye miguu mitatu, akafumba jicho moja, akapunga mkono. Machuki alishika ncha ya mnyororo akatembea mpaka aambiwe simama, akachomeka kijiti, akaendelea. Alipita kwenye miiba na matope, na mara mbili alifukuzwa na nyuki. Kazi hiyo aliijua vizuri, wala hakuna aliyewahi kumlaumu.

Kilichoandikwa kitabuni jioni hakukijua. Shule aliiacha darasa la tatu. Kusoma namba aliweza, na kujumlisha aliweza haraka kuliko wengi, lakini savea alipoinama kwenye hesabu zake Machuki alikuwa kando, akisugua tope kwenye pingili. Aliwasikia wakubwa wakisema "skwea mita", "skwea mita", naye akadhani hilo "skwea" ni Kiingereza cha kupamba tu, kama vile mtu anavyoweza kusema "mita" au akasema "mita zenyewe".

Mwaka wa 1991 serikali ilipunguza wafanyakazi, na Machuki akapewa barua. Alirudi kwake, nje kidogo ya mji wa Migori upande wa barabara ya Isebania, akiwa na koti la mvua la kazi na buti zake. Alikuwa Mkuria aliyeoa Mkisii, Moraa, na wote wawili walisali kwa Wasabato. Jumamosi ya kwanza kanisani mzee mmoja alimshika mkono kwa nguvu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Karibu nyumbani, bwana savea."

Machuki alifungua mdomo aseme kwamba hakuwa savea. Kisha akaona namna watu walivyomgeukia, na jinsi Moraa alivyonyoosha mgongo. Akaufunga mdomo, akacheka kidogo.

Kosa lilianzia pale. Mambo mengine yote yalifuata.

Watu walianza kumjia. Aliyekuja alikuwa na shamba la marehemu baba yake la kugawa, au mpaka wa kubishaniwa, na hakutaka kungoja ofisi za wilaya. Machuki alinunua kamba ndefu ya katani, akaipaka rangi nyekundu kila baada ya mita kumi. Namna yake ya kupima aliitunga mwenyewe, na aliiona kuwa ya haki kabisa. Alilizunguka shamba lote na kamba, akajumlisha pande zote, akapata namba moja. Kisha akalikata shamba mpaka kila mrithi alipokuwa na mzunguko sawa na mwenzake. Namba zikilingana, mashamba yamelingana. Nani angebisha?

Mwanzoni mwa 1993 aliitwa Rodi Kopany, kule Homa Bay. Aliyemwita alikuwa Ongoro, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mwenye duka la mbegu na mbolea pale sokoni. Mdogo wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na shamba la baba yao likawa halijagawanywa. Sasa ilibidi ligawanywe mafungu mawili: sehemu ya Ongoro, na sehemu ya Jerusha, mjane wa yule mdogo.

Shamba lilikuwa na umbo la mwiko. Juu, karibu na barabara, lilikuwa pana na la mraba. Chini yake kulitoka ukanda mwembamba kama mpini, ukateremka mpaka kijito. Ongoro alipendekeza yeye achukue juu, Jerusha achukue ukanda. "Wewe pima tu, jaduong'," akamwambia Machuki, akimwita mzee kwa Kijaluo. "Kikizidi upande wangu, nitapunguza."

Machuki alipima. Walikuwepo wazee wa ukoo na majirani, kama watu ishirini. Upande wa juu ulikuwa mita mia moja kila ubavu, pande nne: mia nne. Akashuka kwenye ukanda. Urefu ulikuwa mia na themanini, upana ishirini. Akajumlisha hapo hapo kwa sauti ili wote wasikie: mia na themanini, ishirini, mia na themanini, ishirini. Mia nne.

Watu wakapiga makofi. Hata yeye mwenyewe alishangaa. Ilikuwa kama shamba lilikuwa likingoja kukatwa pale pale.

Ni Jerusha tu ambaye hakupiga makofi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kitambaa cheusi kichwani, na alikuwa amesimama kwenye mpaka akitazama juu, kisha chini.

"Mzee," alisema, "mimi naona yangu ni ndogo. Naona kabisa ni ndogo."

"Ni nyembamba," Machuki akamjibu, "lakini ni ndefu. Urefu unafidia."

"Haufidii. Hapo juu ng'ombe wanalima siku mbili na nusu. Huku chini hata siku moja haiishi. Nimelima humu miaka tisa."

Machuki alihisi macho ya watu. Akawageukia wao badala ya kumgeukia yeye. "Mama analima kwa macho," akasema. "Mimi nimepima kwa kamba. Kama kuna mtu hapa aliyesoma hesabu kuliko serikali, aje ashike kamba."

Watu walicheka sana. Ongoro alicheka mpaka akajifuta machozi. Jerusha aliinamisha kichwa, na baada ya muda akaombwa aje atie dole gumba kwenye karatasi, akaja akatia. Machuki akapewa jogoo na kushukuriwa, akarudi Migori akiwa na furaha.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Aligawa mashamba mengine, yote yakafika kumi na moja. Moraa alishonewa gauni la kitambaa kizuri, na kanisani akawa anakaa mstari wa mbele.

Mwezi wa saba mwaka wa 1996 akaitwa Muhuru Bay. Safari hii halikuwa shamba. Wanawake wanaonunua omena, wale dagaa wa ziwani, na kuianika pale ufukweni walikuwa wamegombana kuhusu uwanja wa kuanikia, na kamati ya ufuko ikaamua ugawanywe kati ya vikundi viwili. Kikundi kimoja kilikuwa cha mwanamke aitwaye Phanice, aliyekuja Muhuru kama mke wa mvuvi, akabaki kama mfanyabiashara baada ya ndoa kuvunjika. Alikuwa na sauti kubwa, na mikono yake haikukoma kunuka samaki.

Uwanja wenyewe ulikatwa na mawe. Kulikuwa na mahali pa mraba, hatua kumi kwa kumi, kila hatua kama mita moja, na mahali pengine pembamba kati ya mawe na njia, hatua kumi na nane kwa mbili. Machuki alizunguka huku na kamba, akazunguka kule, akasimama wima.

"Arubaini huku, arubaini kule," akatangaza. "Sawa kwa sawa. Akina mama wa Phanice wachukue hapa kwenye mawe."

Phanice alimwangalia kana kwamba hakusikia vizuri. "Arubaini ya nini?"

"Mita."

"Mita za wapi?"

"Za kuzunguka. Nimezunguka zote mbili."

"Kwani mimi naanika omena kwa kuzunguka?" Phanice aliuliza. Wenzake wakaanza kucheka, lakini yeye hakucheka. "Mzee, mimi sijui kamba yako. Mimi najua magunia. Ngoja."

Alikuwa na magunia yaliyopasuliwa na kushonwa, ambayo walitandika omena juu yake ili isishike mchanga. Kila moja lilikuwa limekatwa mraba, hatua moja kwa hatua moja, na kila moja lilichukua gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia sokoni, za omena mbichi bila kurundikana. Wanawake wawili wakayabeba, wakaanza kuyatandika kwenye ule ukanda wa mawe, moja likigusana na jingine. Mstari wa kwanza magunia kumi na nane. Mstari wa pili kumi na nane. Ukanda ukajaa.

"Thelathini na sita," alisema Phanice. "Yatoeni. Tupeleke yale yale kule kwenye mraba."

Yakapelekwa. Kumi yakajaza mstari mmoja. Mstari wa pili, wa tatu. Magunia sita yaliyobaki yakaanza mstari wa nne, hayakuumaliza. Mbele yao mchanga ulikuwa mtupu, mwingi, mistari sita mizima na zaidi.

Phanice alitembea mpaka kwenye mchanga ule mtupu, akasimama katikati yake, akatanua mikono.

"Hapa nilipo ni wapi, bwana savea? Kamba yako imeweka wapi hapa?"

Machuki aliangalia magunia. Aliyahesabu upya kimoyomoyo, kwa sababu alitaka yawe yamekosewa. Hayakuwa yamekosewa. Kumi mara kumi ni mia. Kumi na nane mara mbili ni thelathini na sita. Kamba ilipima ukingo tu. Kilicho ndani ya ukingo, ambacho ndicho watu wanalima na ndicho wanaanikia, kamba haikuwahi kukigusa. Na neno lile la savea, "skwea", likamrudia kichwani, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba halikuwa pambo. Lilikuwa gunia. Wale wakubwa walikuwa wakihesabu magunia muda wote ule, na yeye alikuwa pale pale kando yao akisugua chuma.

Kisha akakumbuka namba nyingine: mia na themanini kwa ishirini. Mia moja kwa mia moja. Zilikuwa hizi hizi, zimekuzwa tu. Akaukunja ule urefu wa kamba vibaya vibaya, ukajifunga mafundo, akasema anaumwa tumbo, akaondoka bila kugawa kitu. Nyuma yake aliwasikia wanawake wakicheka, na alijua kwamba walikuwa na haki ya kucheka.

Nyumbani hakusema. Kwa siku tatu alichora miraba uani kwa kijiti, akiita kila mraba mita kumi kwa kumi. Kwa Jerusha, miraba thelathini na sita. Kwa Ongoro, mia. Alifuta kwa mguu, akachora tena. Moraa, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, hatimaye akaweka ungo chini.

"Unachora nini kila siku?"

"Shamba la watu wa Rodi."

"Si ulimaliza lile?"

"Nililikosea, Moraa. Nimemnyang'anya mjane. Na si yeye peke yake." Akamweleza, kwa shida, akionyesha miraba.

Moraa alisikiliza mpaka mwisho. "Kwani upimaji uliokuwa unaufanya na serikali haukuwa huu huu?"

"Sikuwa napima. Nilikuwa navuta tu. Waliokuwa wanapima ni wengine."

Hilo ndilo lililomuuma mkewe zaidi ya lile shamba. "Miaka mitatu nimekaa mbele kanisani kama mke wa savea," alisema. Aliuchukua ungo wake akaingia ndani, na Jumamosi iliyofuata akakaa nyuma, karibu na mlango, bila kumweleza mtu kwa nini.

Wiki ya pili ya mwezi wa nane Machuki alikwenda Rodi Kopany. Alipitia njia ya kijito ili asipite mbele ya duka la Ongoro. Alimkuta Jerusha akipalilia, na kabla hata ya kumsalimu aliona mambo ambayo siku ile hakuyaona. Upande huu mahindi yalikuwa yamefifia chini ya kivuli cha miti ya jirani. Upande ule mashina ya ukingoni yalikuwa yametafunwa na ng'ombe wa Ongoro. Ua wa kuzunguka ukanda ule ulihitaji miti mingi sawasawa na ua wa kaka mkubwa, na mwanamke huyu alikuwa ameukata na kuuchimbia peke yake, kwa ajili ya kulinda thuluthi na kidogo tu ya kile alichokuwa nacho mwenzake.

"Mama Jerusha."

Aliinua uso. Alimtambua mara moja. Hakuacha jembe.

"Nimekuja kukuambia kwamba siku ile nilikosea," Machuki alisema. Alikuwa amejitayarishia maneno mengi njiani, yakampotea. "Shamba lako ni dogo. Ulisema kweli."

"Najua ni dogo."

"Nimekuja kukuomba msamaha."

Jerusha aliegemea jembe. "Nilijua siku ile ile, mzee. Nilihesabu matuta yangu, nikahesabu mashina kwenye kila tuta. Nikaenda na kwake jioni nikahesabu. Nilijua. Wewe unakuja leo kuniambia kitu ambacho mimi nilikuambia."

Machuki aliangalia matuta.

"Na sasa unaniambia mimi peke yangu hapa chini, ambapo hakuna mtu," aliendelea, kwa sauti ya kawaida tu. "Siku ile ulinijibu mbele ya watu. Hata watoto wadogo walikuwa wakinicheka njiani, 'mama analima kwa macho'. Msamaha wa hapa chini haunifai. Ukitaka kusema, panda juu useme pale pale."

Machuki alikuwa ametumaini kulia kidogo, kusamehewa kidogo, na kurudi Migori kabla ya jua kuzama. Alimwambia atakuja. Jerusha akainama, akaendelea kupalilia, na ilionekana wazi hakuamini.

Lakini alikuja. Ilimchukua wiki mbili, na mara moja alifika mpaka stendi ya Migori akarudi nyumbani. Kwa ombi lake naibu wa chifu aliwaita wazee wa ukoo na majirani wale wale, wakakutana uani kwa Ongoro saa nne asubuhi. Viti vililetwa. Machuki alikataa kukaa.

"Mimi si savea," alianza. "Sijawahi kuwa savea. Nilikuwa mvuta mnyororo. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Mliponiita savea nilinyamaza kwa sababu nilipenda."

Wazee wakasogeza viti karibu.

"Siku ile nilipima mzunguko wa shamba. Sikupima shamba. Huyu mama aliniambia, nami nikamfanya mjinga mbele yenu. Mjinga nilikuwa mimi." Kisha akachora miraba kwenye vumbi, mia kwa Ongoro, thelathini na sita kwa Jerusha. Mzee mmoja alisogea akaihesabu kwa fimbo, taratibu, yote.

Ongoro alikuwa amekunja uso. "Kwa hiyo jogoo wangu ulimla bure?" akasema. Watu wakacheka, na safari hii kicheko kilimwangukia Machuki. Alikipokea. Ongoro akasimama. "Kipimo kilikubaliwa. Kuna dole gumba hapa. Mtu mmoja akiota ndoto huko kwao Migori, mimi nibomoe ua wangu?"

Walibishana mpaka adhuhuri. Wengine walimtetea Ongoro, kwamba amekwisha kupanda miwa na kujenga ghala. Wengine walisema mjane ana watoto wa ukoo. Naibu wa chifu alimuuliza Machuki ni kiasi gani kilipaswa kutoka juu ili sehemu zilingane. Machuki akajibu: miraba thelathini na miwili. Ongoro akasema heri aende mahakamani. Mwishowe wakafika kwenye miraba ishirini, yaani ukanda wa mita ishirini ukikata shamba la juu kutoka ubavu hadi ubavu. Haikuwa haki kamili, na kila aliyejua kuhesabu aliona hivyo. Jerusha aliulizwa kama amekubali.

"Nimekubali," alisema, "kwa sababu nataka kupanda kabla ya mvua za vuli."

Kamba ilipotandazwa, Machuki alishika ncha moja akasimama pale alipoambiwa. Aliyehesabu alikuwa Jerusha, kwa hatua zake mwenyewe, kwa sauti, na watu walimfuata nyuma. Alipomaliza alimpita Machuki bila kumsemesha. Machuki hakujua kama alikuwa amesamehewa. Hakuona kama ana haki ya kuuliza.

Mashamba mengine yalikuwa kumi. Mwaka ule na uliofuata aliyarudia manane. Matatu yalikuwa hayana tofauti kubwa, kwa kuwa sehemu zote zilikuwa na umbo linalofanana, na alipoliona hilo alijikuta akikaa chini kando ya ua wa watu akishusha pumzi. Mawili yalirekebishwa kwa ugomvi. Kwingine mzee Okemwa alimfukuza na panga, akisema hataki uchawi wa pili shambani mwake. Kwingine aliyepunjwa alikuwa ameuza sehemu yake na kuhamia Tanzania, na hakuna aliyejua alipo. Pale pa nane walimsikiliza kwa adabu, wakampa chai, na hawakubadilisha chochote.

Migori habari zilifika kabla yake. Jina la savea likafa. Vijana wa sokoni wakaanza kumwita Mzunguko, na alipopita walichora duara hewani kwa kidole. Alipata kazi ya kufyatua matofali kwa mtu mmoja karibu na mto, na matofali ilimbidi ayapange na kuyahesabu, urefu mara upana, kila jioni. Hakuwahi kukosea. Moraa aliendelea kukaa nyuma kanisani, ila baada ya muda Machuki akahamia naye kule nyuma, na wakazoea.

Mashamba mawili hakuyarudia kabisa. Yote mawili yalikuwa ya watu wa kwao, Wakuria wanaokaa kuelekea mpakani, na moja lilikuwa la Bhoke, binti ya shangazi yake, aliyepewa ukanda mwembamba kando ya njia ya ng'ombe na kushukuru kwa magoti kwa sababu aliyepima ni ndugu. Bhoke huja Migori siku za soko kuuza mihogo. Humpungia mkono kutoka mbali, kwa furaha, akimwita kwa jina la heshima la kikwao. Machuki humpungia pia, kisha huvuka barabara, huingia katika duka lolote lililo karibu, na husimama humo akiulizia bei ya vitu asivyovihitaji mpaka mwanamke yule awe amepita.